Jezi Niliyoishona Bila Kutumwa

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, msije mkausikia kwa wengine, maana hadithi hii imezunguka kwenye karakana zote za mavazi ya filamu Nairobi na kila anayeisimulia ananiongezea upumbavu kidogo. Niliwahi kupewa jezi ya mpira iliyoraruka. Mwenyewe alikuwa ameitunza hivyo hivyo, na mpasuko wake, tangu alipokuwa kijana mwenye mbio hadi akawa mzee mwenye fimbo. Mpasuko huo ndio uliokuwa ushahidi wake wa pekee duniani. Mimi nikaushona. Tena nikaushona vizuri, kiasi cha kumwita mke wangu aje autafute. Akautafuta, akaukosa, tukanywa chai kwa furaha.

Sasa nimestaafu, na nyinyi mliorithi kiti changu pale Hurlingham mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi. Nimekubali kwa sababu kuandika ni kazi ya kukaa nyumbani. Wanaonijua wanajua kwamba nikishavuka Ngong Road tu, naanza kuikumbuka nyumba yangu. Mama Njoki, mke wangu, husema nilichagua ushonaji kwa kuwa ndiyo kazi pekee ambayo mtu akiketi haambiwi asimame. Sikatai.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Parklands, katika duka la Mzee Harshad, fundi wa suti. Nilikuwa nimetoka kumaliza shule, fomu foo, na nilidhani nitapewa cherehani. Nilipewa sumaku. Mzee alinionyesha sakafu akasema, "Okota pini." Niliokota pini mpaka nikaanza kuziona kwenye sahani ya maharagwe. Baadaye nikaruhusiwa kufungua mishono iliyokosewa na wengine. Hicho ndicho cheo pekee nitakachokitaja hapa.

Mzee Harshad alikuwa na desturi moja ambayo mtu asiye fundi anaweza kudhani ni wazimu. Nguo ya mteja ikiingia dukani kwa sababu yoyote ile, hata kama ni kupunguzwa mikono tu, unaipekua yote. Ukikuta kifungo kimelegea, unakikaza. Ukikuta tundu la nondo, unaliziba. Huulizi, hulipishi, na mteja humwambii. "Yeye avae tu," Mzee alikuwa akisema, "asijue kwa nini leo anajisikia mzima." Na kuziba kwenyewe kulikuwa na namna yake. Uzi unauiba kwenye pindo la ndani la nguo ile ile, halafu unarudisha kitanzi kimoja kimoja kwa sindano nyembamba kama unywele. Ukimaliza, Mzee anafumba macho na kupitisha kidole gumba. Kidole kikikwama, unafungua, unaanza upya. Kidole kile kilinikwamia miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Siku kilipopita moja kwa moja bila kukwama, Mzee hakunisifu. Alinipa chai yenye sukari.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Mzee alipofunga duka akaenda kukaa na wajukuu, nilipata kazi Hurlingham kwenye karakana ya mavazi ya matangazo na filamu. Huko nikakuta dunia imegeuzwa ndani nje. Mimi niliyefundishwa kuifanya nguo kuukuu iwe mpya, nikaambiwa sasa nifanye mpya iwe kuukuu. Nilipewa mashati ambayo hayajatolewa hata kadibodi ya kola, ndoo ya chai ya rangi na kipande cha msasa. "Zeesha," msimamizi akaniambia. Nikapiga kiwiko cha shati la kwanza msasa huku nikimwomba Mzee Harshad radhi kimoyomoyo.

Nawaambia hili nyinyi mnaoanza: nguo haichakai kila mahali. Konda huchakaa begani, mwalimu kiwikoni, na mtu wa kanisa kubwa huchakaa magotini, au la, inategemea. Ukizeesha nguo yote sawasawa hupati nguo kuukuu, unapata nguo iliyochemshwa.

Kazi zilizonitoa jasho zaidi zilikuwa filamu za michezo, hasa zile zinazoanza na maandishi ya kusema kwamba hii ni hadithi ya kweli. Ukiona maandishi hayo, jua kuna mzee mahali atakayekuja kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kamera akitikisa kichwa. Wa kwanza niliyemwona alikuwa mwanariadha. Katika skripti alishinda mbio kubwa akiwa miguu mitupu. Mwenyewe alifika siku ya kushuti na viatu mkononi.

"Mimi nilikuwa na viatu," akamwambia dairekta. "Hivi hapa. Vilikuwa vya kaka yangu. Alikuja akaningoja kwenye utepe, akachukua viatu vyake kwanza ndipo akanipongeza."

Akaelezwa kwa upole kwamba watazamaji wa nje wanapenda kumwona Mkenya akikimbia peku. Akaviangalia viatu, akaniangalia mimi, nami nikamwambia pole ingawa mimi nilihusika na kaptura tu. Filamu ilipotoka watu walilia kumwona akikanyaga mawe. Mimi mpaka leo naona yule kaka wa kwenye utepe alikuwa sinema tosha, lakini mimi ni fundi, nani angeniuliza?

Basi tuje kwa jezi.

Dairekta safari hii alikuwa dada mmoja anayeitwa Zawadi, mtu wa akili nyingi na subira kidogo. Alikuwa akitengeneza filamu kuhusu fainali moja ya zamani, wakati timu ya wafanyakazi wa kiwanda ilipoifunga timu kubwa kwa penati ya dakika ya mwisho. Aliyeangushwa, kisha akaipiga penati mwenyewe, alikuwa Mzee Kamande, ambaye sasa alikuwa akiishi Dagoretti Corner, ng'ambo ya barabara kutoka kwangu. Refa alitoa penati, kombe likabebwa, lakini kesho yake gazeti likaandika kwamba Kamande alijiangusha. Tangu hapo mzee wa watu hakupumzika. Alikuwa mzee wa kanisa, ameozesha mabinti, ameheshimika, lakini akiteleza kwenye matope pale steji ya matatu ilikuwa lazima mtu apige firimbi. Akipiga magoti kuomba, palikuwa na kijana nyuma wa kunong'ona, "Refa!" Mimi mwenyewe nimewahi kucheka, tena si mara moja.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba Mzee Kamande alikuwa na jibu. Beki wa timu kubwa alimvuta jezi kwa nyuma, nayo ikapasuka kuanzia kwenye kola hadi chini ya bega. Aliiweka sandukuni hivyo hivyo, na mke wake alikatazwa kuikaribia na sindano. Hakuwahi kuionyesha mtaani. Alisema hawezi kuzunguka akiwaonyesha watu nguo iliyoraruka kama mtu aliyechanganyikiwa. Alikuwa akimngoja mtu wa maana aje amwulize. Filamu ikaja. Akaitoa jezi ikapimwe na kunakiliwa, kwa sharti kwamba Jumatatu yeye mwenyewe atamwonyesha Zawadi mahali ilipopasuka. Mimi si mtu wa vibaraza. Habari za mtaa hunifikia zikiwa zimepoa, na hii haikunifikia kabisa.

Dereva aliniletea mfuko nyumbani Jumamosi. Ndani mlikuwa na soksi, kaptura na jezi nyekundu iliyofifia. "Toa kipimo na rangi," akasema, akaenda. Jumapili alasiri, Mama Njoki akiwa amesharudi kutoka kanisani, nikakaa dirishani na kikombe changu, nikaipekua jezi kama nilivyofundishwa. Nikakuta ule mpasuko. Nilisikitika, nawaambia kweli. Nikajisemea, masikini, mtu ameweka nguo miaka yote hii na hakupata fundi. Nikaiba uzi kwenye pindo, nikarudisha kitanzi kimoja kimoja mpaka jua likahamia ukuta wa pili. Haijawahi kutoka kazi safi kama ile mikononi mwangu. Kidole cha Mzee Harshad kingepita hapo kama maji.

Jumatatu asubuhi Mzee Kamande aliingia karakana amevaa koti la kanisani. Zawadi akaitandaza jezi mezani.

"Haya, binti yangu," mzee akasema, "angalia hapa nyuma, halafu uniambie kama mtu anaweza kujivuta mwenyewe."

Zawadi akaangalia. Mzee akaangalia. Akaigeuza jezi. Akaigeuza tena. Akatia mkono ndani hadi kwapani kama anayetafuta funguo.

"Ni wapi sasa?" Zawadi akauliza.

"Ni hapa."

"Lakini mzee, hapa ni pazima."

"Naona ni pazima! Ndiyo nauliza pamekuwaje pazima!"

Nikavua miwani, nikaipangusa, nikaivaa, na jezi ilikuwa bado nzima.

"Mzee," nikasema, "ni mimi nimeishona. Nilidhani nakusaidia."

Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Baba Njoki," akasema, "mke wangu ameitaka hii jezi aishone tangu nilipomwoa, nikamkatalia. Wewe umekaa nayo wikendi moja."

Zawadi alivuta kiti. "Fundi, na nyinyi si ni majirani?"

"Ni majirani, lakini..."

"Ona sasa. Jirani ananiambia ameshona tundu, na tundu halionekani."

"Wacha nifungue nikuonyeshe."

"Ukifungua nitaona tundu lako la leo. La miaka ya sabini nitalijuaje?" Hakuwa mtu mbaya, na nilijua ana haki. "Gazeti liliandika alijiangusha. Yule beki yuko hai. Siwezi kumweka kwenye filamu akivuta mtu na sina kitu mkononi. Mzee, tutakuonyesha ukianguka mwenyewe, lakini kijanja. Watu watakupenda! Watasema, ona huyu mjanja wa mtaa amewaweza wakubwa."

"Mimi si mjanja," Mzee Kamande akasema. Kisha akasema polepole, "Umenitilia mvua kwenye skripti, na siku hiyo jua lilikuwa likituchoma, sijasema kitu. Umempa kocha hotuba ndefu, na yule hakuwa na sauti, alipoteza kwa kufoka kipindi cha kwanza. Sawa. Mke wangu umemfanya msichana mwembamba anayenipungia leso jukwaani, na yeye siku hiyo alikuwa Murang'a akivuna viazi. Nikanyamaza, hata yeye amefurahi. Lakini nikifa, watoto wangu watabaki na hii filamu. Hapo pa kuanguka usinibadilishie."

Akachukua fimbo yake akatoka. Jezi akaiacha mezani. Niliona afadhali angeibeba.

Siku zilizofuata sikulala vizuri, mimi ambaye kulala ni kipaji changu. Skripti ilichapwa upya, na ndani yake Kamande alijirusha kama samaki. Nilizeesha jezi kumi na moja. Nyumbani Mama Njoki hakunihurumia. "Miaka yote ndani ya hii nyumba nakuomba unishonee pindo la pazia," akasema, "hushoni. Ya watu ndiyo unashona bila kutumwa."

Ukombozi wangu uliingia kwa mlango wa nyuma, ukiwa na njaa na unataka kujua chai iko wapi. Alikuwa Mzee Ouma, ndiye yule beki wa timu kubwa, mtu mpana, mkaaji wa Kawangware. Zawadi alitaka wazee wa timu zote mbili waonekane wameketi kati ya watazamaji katika tukio moja, basi ilibidi tuwapime makoti ya kizamani. Mtu wa ratiba, na safari hii mkosaji hakuwa mimi, aliwaita Kamande na Ouma asubuhi moja. Hawakuwa wamesalimiana tangu siku ya fainali. Ouma alipoingia, Kamande alikuwa amesimama juu ya sanduku, mikono ameitanua, koti limejaa pini toka kwapani hadi kiunoni. Hangeweza kuondoka hata angetaka. Zawadi alikuwa pembeni na sambusa yake.

"Kamande," Ouma akasema.

Kamande akaangalia dari.

Ouma akazungukazunguka karakana akigusa vitu kama watu wa umri wake wanavyofanya dukani. Akafika kwenye jezi ile nyekundu iliyokuwa imetundikwa karibu na dirisha. Akaishika kola. Akaigeuza mgongo. Akakunja uso.

"Hii mnasema ni ya nani?"

"Ya Mzee Kamande," nikasema. "Ndiyo yenyewe, ya fainali."

"Wacha uongo."

"Ndiyo yenyewe, mzee."

"Fundi, mimi si mtoto. Ile niliipasua kutoka hapa," akaweka kidole kwenye kola, "mpaka hapa. Ilifanya praaa, jukwaa zima lilisikia. Hii ni mpya. Mnadanganya watu na hizi sinema zenu!"

Sambusa ya Zawadi ilisimama njiani kwenda mdomoni. Mimi nilikuwa na pini kati ya meno na nusura niimeze.

"Rudia," Zawadi akasema.

"Nirudie nini? Nimesema si yenyewe."

Kutoka juu ya sanduku sauti ya Kamande ilikuja nyembamba. "Kwa hivyo uliivuta."

Ouma akageuka akamtazama kana kwamba mwenzake ameuliza jua hutokea upande gani. "Si unajua niliivuta! Wewe ndiye ulikuwa ndani yake!"

"Miaka yote hii, Ouma. Miaka yote hii watu wananipigia firimbi."

"Na mimi nifanye nini? Nilikuvuta, refa akakupa penati, ukafunga, mkabeba kombe. Ulitaka nikuongezee nini tena, na mbuzi juu?"

Mtu mmoja akaanza kucheka. Nadhani alikuwa Zawadi, kisha nikagundua na mimi nacheka, na machozi yananitoka. Kamande hakucheka. Alishusha mikono polepole, pini zikamchoma kila mahali, akasema "aii" mara kadhaa, akashuka kwenye sanduku na kumpa Ouma mkono. Ouma akaushika, kisha akauliza tena kuhusu chai. Hapo ndipo nilipopumua. Sijui kama mmewahi kukaa wiki kadhaa mkibana pumzi; mtu akiiachia, hata mabega hushuka, na mimi suruali pia ilishuka kidogo.

Nilimwambia Mzee Kamande kwamba sasa naweza kuufungua ule mshono, jezi irudi kama alivyonipa. Akaipapasa, akatafuta kwa kidole, akakosa. "Iache hivyo," akasema. "Nimechoka kulinda tundu."

Kwa hivyo skripti ikabadilishwa tena, na tukashuti uwanjani Riruta. Kwa tukio lile nilishona jezi kadhaa zilizokwisha kukatwa mgongoni, nikazishikiza kwa uzi mwembamba wa kukatika. Siri ni kuacha mishono michache yenye nguvu karibu na kola ili ianze kukataa kwanza, ndipo ikubali. Bila hivyo itafunguka kama gazeti. Siri hiyo mimi niliijua, lakini mwigizaji wa Ouma alikuwa kijana wa mazoezi ya vyuma. Alivuta mara moja, jezi nzima ikabaki mkononi mwake, na mwigizaji wa Kamande akaanguka kifua wazi katikati ya mvua iliyotoka kwenye mpira wa maji. Zawadi akapiga kelele kwamba hiyo ndiyo.

"Mimi sikubaki kifua wazi!" Mzee Kamande akalalamika kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. "Mama yangu alikuwa uwanjani!"

"Na mimi sikuwa na nguvu hivyo," Ouma, aliyeketi kando yake, akasema. Lakini alisema kwa sauti ya chini, na nikaona amekaza misuli ya mkono kidogo akiiangalia.

Nimefikiria sana kuhusu hizo filamu tangu siku hiyo, maana kazi yetu inampa mtu nafasi ya kufikiri. Ukilinganisha ile yetu na siku yenyewe, karibu kila kitu ni uongo: mvua, hotuba, leso, kifua. Lakini aliyevutwa ndiye aliyevutwa, na aliyevuta ndiye aliyevuta, na mwenyewe akiitazama anaweza kukaa wima. Yule wa viatu, kila kitu chake kilikuwa sahihi hadi rangi ya utepe, isipokuwa miguu. Nyinyi mtakaoshona baada yangu, mkimwona mzee kwenye kiti cha plastiki, mpelekeeni chai na mmwulize ni kitu gani kimoja asichotaka kiguswe. Mara nyingi ni kimoja tu. Vingine atawaachia.

Filamu ilionyeshwa mjini, katika ukumbi wenye viti vya kujikunja, nami nikavaa viatu vya kubana nikaenda, jambo ambalo Mama Njoki bado analisimulia kwa wageni. Mzee Kamande alikaa mbele yetu na mke wake. Tukio lilipofika niliona vidole vyake vimeshika mkono wa kiti. Jezi ikavutwa. Ikafanya praaa, tena kwa sauti iliyoongezwa. Vijana wa kanisani kwake, wale wale wa kunong'ona, wakaruka kutoka vitini: "Penati! Hiyo ni penati, refa!" Mzee hakugeuka nyuma. Mke wake aliinamisha kichwa begani pake. Aliporudi Dagoretti Corner wiki ile na kuteleza kwenye matope, nimeambiwa walimkimbilia wawili kumwinua, na firimbi haikusikika.

Mama Shiku, jirani ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, hakuja kuitazama. Alisema hawezi kupanda gari kwenda mjini kumwona mtu anayemwona kila siku bure. Kwa hivyo asubuhi yake nilimsimulia yote juu ya ukuta: sanduku, sindano, uzi wa pindo, skripti mbili, pini, sambusa, na namna nilivyookolewa. Nilisimulia vizuri, nadhani, na mikono yangu ilisaidia. Alinisikiliza mpaka mwisho akichambua maharagwe, akapeperusha makapi, akasema:

"Mmeleta kamera, mmeleta mvua ya mpira, mmerarua mkashona mkararua tena, na huyo Ouma anakaa tu hapo Kawangware. Si mngemwuliza?"